Maongezi ya pande zote za ziwa kwa saa ileile
Maneno yaliyosemwa mbele ya familia na viongozi wa Ubwari, Baraka na Fizi, siku ya kufungua chumba cha maongezi ya pamoja kwa simu

Tunajua kwamba wengine mmetoka Ubwari kwa boti tangu alfajiri, na mnataka kurudi kabla upepo wa ziwa haujaanza. Kwa hiyo hatutawachelewesha na maneno ya sherehe.

Leo tunafungua chumba. Hakina kuta wala mabati. Ni programu ndogo ndani ya simu. Mtu akiandika neno hapa Baraka, mwenzake aliye Karamba, aliye Nyarugusu upande wa Tanzania, aliye Rumonge upande wa Burundi, hata mtoto wetu aliye Marekani, analisoma papo hapo na kulijibu papo hapo. Wote walio ndani wanaona swali na jibu kwa pamoja. Saa ikifika, chumba kinafungwa, na yaliyoandikwa hayabaki ndani ya simu.

Wengi mmetuuliza: kwani magrupu ya WhatsApp hayatoshi? Kila ukoo una lake, kila kanisa lina lake, wavuvi wana lao. Swali hilo ni la haki, nasi tunataka kulijibu vizuri, kwa sababu mama aliyenunua mega chache kwa pesa za ndagala hapaswi kuziharibu kwa kitu ambacho tayari anacho.

Grupu la WhatsApp ni kama chungu kilichoachwa motoni mchana na usiku. Kila apitaye anatia kitu, na anayekuja kula hajui kilitiwa na nani wala lini. Mnajua wenyewe jinsi inavyokuwa. Usiku inafika sauti ya mtu asiyejulikana, analia, anasema kijiji fulani kimechomwa. Hakutaja siku. Pengine ni ya leo, pengine ni ya miaka mitatu iliyopita, pengine hata si ya Fizi. Aliyeituma aliipata kwa mwingine, na yule mwingine kwa mwingine tena, mpaka unafika kwa ndugu aliye mbali sana ambaye naye aliisikia tu. Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari hiyo. Mwaka 2019 walipunguza ujumbe mmoja usipelekwe mbele kwa zaidi ya magrupu matano kwa mara moja, na mwaka 2020 ule uliokwisha kuzunguka sana wakaufanya uende kwa mahali pamoja tu kila mara. Hiyo inapunguza mwendo wa uvumi, lakini haimwambii mama wa Karamba kama afunge mizigo au alale.

Na hapo ndipo penye uzito. Familia ikikimbia kwa uvumi wa uongo, inaingia mtumbwini usiku na watoto, inaacha muhogo shambani na mbuzi mlangoni, na wanaorudi wanakuta nyumba imekwisha kuibiwa. Lakini familia ikizoea kusema "ni uvumi tu", siku habari itakapokuwa ya kweli itabaki, na itakufa. Watu wa mashirika, sisi tukiwemo, tunapenda kufundisha kwamba uvumi ni adui. Hilo ni nusu ya jambo. Ninyi mmeokoka mara nyingi kwa sababu mlisikia uvumi mkaondoka kabla ya serikali na radio kusema lolote. Mtu aliyehamishwa mara nne hafanyi ujinga anaposikiliza kila sauti. Anachokosa ni mahali pa kuuliza, kwa saa hiyohiyo: nani yuko huko sasa, na anaona nini kwa macho yake?

Mahali pa namna hiyo palikuwapo zamani, na ndiyo sababu tunasema chumba chetu si kitu kipya. Mwaka 1973, katika Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, vijana wawili walitengeneza programu iliyoitwa Talkomatic. Watu watano waliweza kuandikiana kwa pamoja, na kila herufi ilionekana kwa wote wakati ileile inapopigwa. Mwaka 1980 kampuni ya CompuServe ilifungua vyumba vya kuchati kwa yeyote mwenye kompyuta na laini ya simu, na ilivifanya kwa kuiga redio ndogo ambazo madereva wa malori wa kule walikuwa wakizungumzia njiani. Mwaka 1988 kijana wa Ufini, Jarkko Oikarinen, akiwa katika mji wa Oulu, alianzisha mtandao wa vyumba ulioitwa IRC. Agosti 1991, wakubwa wa jeshi na wa chama walipojaribu kumpindua Gorbachev kule Moscow, watu walioko humo waliwaambia wenzao wa nje yale waliyoyaona barabarani, saa kwa saa. Vijana wetu waliosoma Bujumbura, Kigoma au Dar es Salaam miaka ya 2000 wanakumbuka vyumba vya Yahoo ndani ya saiba, ambako ulilipa kwa dakika. Vyumba vingi vya namna hiyo vimekufa. MSN ilifunga vya kwake mwaka 2006, Yahoo mwaka 2012.

Tumevichungua vile vyumba vya zamani kwa sababu vilikuwa na mambo manne ambayo magrupu ya leo yameyapoteza. Pembeni kulikuwa na orodha ya walio ndani sasa hivi, si ya wote waliowahi kuandikishwa. Mtu akiingia ilitangazwa kwamba ameingia, na akitoka ilitangazwa kwamba ametoka. Juu paliandikwa neno linalozungumzwa siku hiyo. Na kulikuwa na mlinzi aliyekuwa na uwezo wa kumnyamazisha au kumtoa mwenye kuharibu. La tano, ambalo wengi waliliona kasoro, kwetu ni faida: aliyekuwa hayupo hakusikia. Hakuna aliyeweza kuichukua sauti ya Jumanne akaifanya kuwa habari ya Ijumaa.

Lakini wazee waliokuwa watu wazima kabla ya simu wanajua kitu kilicho karibu zaidi kuliko Yahoo. Wanaijua foni. Foni ilikuwa misheni, hospitalini, kwa wafanya biashara wakubwa. Ulipanga mstari, ukafika, ukamwita mtu wako wa ng'ambo, na kabla ya kusema lolote ulimwuliza kama anakusikia. Mmoja alisema, mwingine akangoja. Kila mwenye mashine kwenye njia ileile alisikia, kwa hiyo mtu alipima maneno yake. Hakutangaza pesa zake, hakutukana, na akidanganya kwamba barabara imefungwa, mwingine aliyepita barabara hiyo jana aliingilia kati akasema hapana. Ile adabu haikuletwa na shirika lolote. Ilitoka katika kujua kwamba tunasikika.

Na kabla ya foni kuna lubunga, ambamo wazee wa Kibembe walikaa na maneno mpaka yaive. Hatusemi simu inaweza kuwa lubunga. Lubungani unamwona mtu uso, na moto ukizimika wote mnaona giza. Tena lubunga ilikuwa ya wanaume, nasi tutarudi kwenye jambo hilo.

Tuna kumbukumbu nyingine ya kutusaidia. Mwaka 1996 vita vilipowavusha watu wengi wa Fizi kwenda Kigoma, kisha Nyarugusu na Lugufu, familia zilitafutana kwa barua za Msalaba Mwekundu. Barua hizo hazikuwa na bahasha ya kufunga. Zilikuwa wazi, na ndani yake iliruhusiwa habari ya familia tu: nani yu hai, nani amezaa, nani amefariki, tuko wapi. Habari ya vita au ya siasa haikuruhusiwa. Wengi waliona ni ukali. Lakini kwa sababu ya ukali ule barua zilipita kwenye vizuizi vya kila upande, na aliyekutwa nayo mfukoni hakupigwa kwa ajili yake. Mpaka Oktoba 2005, meli za UNHCR zilipoanza kuleta watu Baraka kutoka Kigoma, kuna watu waliokuwa wanajua habari za kwao kwa vikaratasi vile tu.

Tumeichukua sheria hiyo kama ilivyo. Ndani ya chumba hakuna kusema askari wako wapi, wa kundi gani, wangapi, wana silaha gani. Mtu anaweza kusema "njia ya Lulimba si nzuri leo", na inatosha. Akiongeza zaidi, mlinzi anafuta na kumnyamazisha, hata kama ni shefu. Chumba kikianza kunuka upelelezi, kila mwenye simu atakuwa mpelelezi machoni pa mwenye bunduki, na wa kwanza kulipa atakuwa kijana aliyesimamishwa kwenye kizuizi akaombwa afungue simu.

Tuseme wazi pia kisichowezekana. Chumba hakihifadhi maneno, lakini mtu aliye ndani anaweza kuyanakili kwa kalamu, au kupiga picha simu yake kwa simu nyingine. Hakuna programu inayozuia hilo. Kwa hiyo jambo ambalo usingelisema sokoni Baraka siku ya soko, usiliandike humo.

Sasa kuhusu majina. Vyumba vya zamani kila mtu alijiita alivyotaka, na hilo lilileta uhuru pamoja na uongo mwingi. Sisi tumechagua njia ya katikati. Unajichagulia jina la chumbani, na pembeni yake panaonekana mahali ulipo, kwa mfano Nundu, Mboko au Kazimia. Jina lako la kweli analijua mtu mmoja tu, yule aliyekuingiza, ambaye anakufahamu kwa uso. Hakuna daftari la majina yote. Wafadhili walitaka orodha, kama wafadhili wanavyotaka daima, nasi tulikataa. Orodha ya wanaoongea na upande wa pili, ikiangukia mikono mibaya katika milima yetu, ni orodha ya kuua.

Kuhusu walinzi, tumejifunza kutoka Kenya. Kulikuwa na mahali pa Wakenya kuongea mtandaoni palipoitwa Mashada, palipoanzishwa na David Kobia. Januari 2008, baada ya uchaguzi, vita vya mitaani viliingia mle ndani. Matusi ya kabila yalizidi nguvu ya waangalizi, mpaka mwenyewe akafunga maongezi. Mtu huyohuyo alikuwa kati ya walioanzisha Ushahidi, ramani ya kukusanya habari za yaliyokuwa yakitokea. Tunaona mambo mawili hapo. Kufunga mlango kwa wakati kunaweza kuwa kazi ya amani. Na mlango usiwe mpana kuliko nguvu za wanaoulinda. Ndiyo maana tunaanza na watu wachache, na kila kikao kina walinzi wawili kutoka jamii mbili, mmoja wao akiwa mwanamke. Wakipingana juu ya neno, neno linafutwa kwanza, wanajadiliana baadaye.

Kenya hiyohiyo, katika delta ya Mto Tana, Wapokomo na Waorma waliuana mwaka 2012 mpaka mwanzoni mwa 2013, na uvumi ulikuwa kuni za moto ule. Baadaye shirika la Sentinel Project lilianzisha huduma iliyoitwa Una Hakika. Mtu alituma uvumi aliousikia kwa ujumbe wa simu, watu wa kujitolea wakaenda kuulizia mahali penyewe, kisha jibu likarudi kwa aliyeuliza. Tunapenda jina lile. Ni swali la adabu. Halimwiti mtu mwongo. Tunawaomba muulize hivyo chumbani: una hakika? Umeona au umesikia? Na aliyesikia asione haya kusema "nimesikia tu".

Kuna mzigo mwingine ambao baadhi yenu mmetuletea kwa uchungu, na hatutaufunika. Mmesema: mnataka tukae chumba kimoja na watu waliochoma nyumba zetu? Tumeyasikia maneno hayo kutoka kwa Wabembe na Wafuliiru, tumeyasikia kutoka kwa Wanyamulenge wa Minembwe, karibu kwa maneno yaleyale. Tangu 2017 milima imewaka tena, na hakuna jamii isiyo na makaburi. Jibu letu ni hili. Hakuna anayelazimishwa kuingia. Kuwa ndani si kusamehe, na si kukubali hadithi ya mwingine. Hatuleti kesi za mashamba wala za damu humo, kwa sababu mstari wa maandishi juu ya kioo kidogo hauwezi kubeba kesi ya shamba. Hizo zina wazee wake, kamati zake na mahakama. Tunachoomba ni kidogo zaidi: maswali ya maisha yanayowagusa wote kwa siku ileile. Soko limefunguliwa? Boti imefika? Kipindupindu kimeanza kwa nani, maji ya wapi yametiwa dawa? Mwenye kuhara hana kabila kwa siku hiyo.

Desemba 2025, vita vilipofika Uvira, watu walivuka mpaka kwenda Burundi na wengine wakashuka huku kwetu. Wale madeplase waliolala makanisani na mashuleni walikuwa na maswali ambayo mtu wa kuyajibu alikuwa kilomita chache tu, kwenye kijiji kingine, na simu mkononi, ila hawakuwa grupu moja. Ukiwa hapa ufukweni mchana unaiona milima ya Ubwari ng'ambo ya ghuba. Habari ya Ubwari mara nyingi inatufikia ikiwa imepitia Marekani kwanza. Hilo halina sababu ya kuendelea.

Viongozi wetu, hapa tunawageukia ninyi. Ndani ya chumba neno la shefu na neno la mjane yana ukubwa mmoja wa herufi. Hakuna kiti cha mbele. Mama akiuliza kwa nini jina lake lilitolewa kwenye orodha ya mgao, ataliuliza mbele ya watu wa pande zote za ziwa, na kunyamaza kwenu kutaonekana. Tunajua hili si tamu. Lakini kiongozi anayejibu "sijui, nitauliza, nitarudi Alhamisi", na akarudi kweli, atapata heshima ambayo haipatikani kwa hotuba.

Kuhusu wanawake: nyumba nyingi zina simu moja, na simu hiyo iko mfukoni mwa baba. Tusipofanya kitu, chumba chetu kitakuwa lubunga nyingine. Kwa hiyo kutakuwa na mahali pa kusikilizia, hapa Baraka na kule Lusenda, penye umeme wa jua. Msomaji atasoma kwa sauti yanayoandikwa, na ataandika yale ambayo asiyejua kusoma anataka kusema, kwa maneno yake mwenyewe bila kuyarekebisha. Alhamisi mbili kati ya nne za kila mwezi mahali pale patakuwa pa wanawake peke yao. Maongezi yatakuwa kwa Kiswahili, kile chetu cha hapa. Anayeandika Kibembe, Kifuliiru, Kinyamulenge au Kirundi hatafukuzwa, ila ataombwa aeleze kwa Kiswahili ili wote waelewe.

Hakuna sauti wala picha kwa sasa. Vijana wamelalamika. Lakini maandishi yanakula mega kidogo sana, sauti inamtambulisha mtu, na picha za maiti wa zamani zimekwisha kuua watu wapya. Mtoto aliyepotezana na wazazi asiandikwe chumbani hata kwa nia njema. Jina na kijiji chake vinaweza kusomwa na mtu mbaya. Mpelekeni kwa Msalaba Mwekundu, wana njia yao.

Na mtandao ukikatwa? Tumekwisha kuona. Desemba 2011 ujumbe wa simu ulizimwa katika nchi yote, Januari 2015 intaneti na ujumbe pia, na kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 intaneti ilikatwa karibu wiki tatu. Siku hizo chumba kitakuwa kimefungwa kama mlango wowote, na tutategemea radio, boti na miguu. Msiuze redio zenu.

Kikao cha kwanza ni Alhamisi ijayo, saa kumi na mbili jioni kwa saa ya Baraka na Rumonge. Kwa ndugu wa Nyarugusu itakuwa saa moja usiku, maana Tanzania wako mbele yetu kwa saa moja. Kwa watoto wetu wa Chicago ni saa nne au saa tano asubuhi, kufuatana na msimu wao. Chumba kitafungwa baada ya saa moja na nusu, hata maneno yakiwa bado matamu. Neno la siku hiyo litakuwa watoto waliohamishwa ambao bulletini zao za shule zimepotea au zimeungua: shule zipi zinawapokea bila karatasi, zipi zinakataa, na mkuu wa shule anahitaji kuona nini. Tumewaomba walimu wa Baraka, Fizi na Lusenda wawepo.

Wenye simu, zichajini mapema mchana, kwa sababu saa kumi na moja foleni ya umeme ni ndefu. Wasio na simu, mahali pa kusikilizia patafunguliwa saa kumi na moja na nusu. Viti ni vichache, mwenye mkeka aje nao. Na ninyi wa Ubwari, kabla hamjashuka kwenye boti, pitieni pale mezani muonane na walinzi wawili wa kikao cha kwanza, ili wawajue kwa uso.